Mtoto aliyeitwa bubu, na darasa la barazani kwangu Élisabethville

Wakuu, shikamooni kwa wakubwa, na wadogo nawapokea. Nina miaka themanini na kitu, naandika kwa kidole kimoja. Haya yalinitokea mwenyewe, siongezi chumvi.

Lubumbashi ilikuwa bado Élisabethville. Nilikuwa bibi harusi mpya mtaa wa Kenya (mtaa wa hapa kwetu, sio ile nchi), mume wangu yuko reli. Mimi nilizaliwa Mitwaba, kaskazini, kwa hiyo Kiluba ndicho nilichonyonya.

Jirani yangu, Yaya Numbi (yaya kwetu ni dada mkubwa), naye alitoka hukohuko, miezi michache tu mjini. Siku moja mwanawe Banza, miaka sita, alirudishwa kutoka shule ya misheni. Mwalimu alisema ni bubu.

Bubu? Huyo mtoto alikuwa anagombana na kuku wangu kila asubuhi, kwa Kiluba safi!

Nikamshika mkono, tukaenda kwa padri mkuu wa shule.

"Mon père, mutoto haiko bubu. Kiswahili ndiyo hajasikia bado."

"Mama, mu classe tunafundisha mu Kiswahili. Batoto iko mingi, mwalimu iko moja."

"Basi munichungie nafasi yake mwezi moja. Nitamutayarisha."

Padri akasema sawa, mwezi mmoja, atampima mwenyewe.

Nilitoka pale kifua mbele. Kumbe sijui kufundisha hata kidogo.

Habari ikaenea, kina mama wengine wa kaskazini wakaniletea wa kwao. Wakafika tisa pamoja na Banza, barazani kwangu. Mume wangu akagonga benchi mbili za mbao. Vibao vya kuandikia tulivipaka mkaa uliosagwa na maji ya majani ya muhogo, chaki ikawa pemba, ule udongo mweupe.

Wiki ya kwanza niliharibu. Niliwaimbisha maneno ya Kiswahili kama kasuku, anayekosea namfokea. Banza akanyamaza kabisa, hata kuku akawaacha. Yaya Numbi akaniambia polepole, "Mudogo wangu, sasa ndiyo unamufanya bubu kweli."

Iliniuma, lakini alisema kweli.

Nikageuza. Asubuhi naanza na hadithi ya Kiluba, wanacheka, wanauliza. Halafu hadithi ileile kwa Kiswahili. Tunahesabu maharagwe kwa Kiluba, tunayahesabu tena kwa Kiswahili. (Walimu wa chekechea mlioko humu mtanielewa: mtoto akishajua kitu, kukipa jina la pili ni kazi ndogo.)

Mwezi ukaisha. Padri akamsimamisha Banza darasani, mimi na mama yake tuko mlangoni.

"Banza, mu hii classe kuko madirisha ngapi?"

Mtoto anaangalia ukuta. Yaya Numbi alinifinya mkono mpaka nikasikia kucha.

Halafu Banza akauliza, "Mon père, yote, ao yenye kufunguka tu?"

Mawili yalikuwa yamepigiwa misumari. Padri mwenyewe alikuwa hajui, ikabidi ageuke ayatazame. Akacheka, akaandika jina la mtoto kwenye kitabu.

Wale wanane wakafuata. Mwaka uliofuata mwalimu yuleyule aliyesema bubu alikuwa ananiletea watoto wake wapya barazani kabla ya kuwapokea. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi, na sijawahi kuwa na cheti.

Banza hakuwa waziri. Alikuwa fundi wa reli, fundi mzuri, na barua zote za mama yake kwenda Mitwaba aliandika yeye.

Nilichojifunza wakuu: kabla hujasema mtoto hana akili, muulize kwa lugha ya nyumbani kwao. Na msingi ujengwe mapema, kabla ya darasa la kwanza, hata kama jengo lenyewe ni baraza na benchi mbili.

Nyie mlioanza shule kwa lugha ambayo hamkuijua, ilikuwaje? Andikeni hapa chini, nitasoma zote, ila polepole.