Haradali ya Mama na Macho ya Masanja

Hata leo nikiponda haradali, ukali wake ukinipanda puani, machozi hutangulia na kumbukumbu hufuata. Tangu utotoni mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wakienda kucheza, mimi nilibaki nikilamba mwiko, hata kaka zangu wakaniita paka wa jikoni. Basi hakuna aliyeyaona ya siku ile vizuri kuliko paka.

Tulikaa kando ya njia ya Mwadui, baba akiwa kibarua mgodini. Mama alifundishwa haradali na mke wa Mhindi mwenye duka: ponda mbegu na pilipili na chumvi, tia maji baridi, ngoja kidogo ipande ukali, ndipo utie siki kuituliza.

"Usiiwahishe siki," Mama alizoea kuniambia. "Utaiua kabla haijaamka."

Mchana ule siki ilikuwa bado. Shangazi Kabula, dada yake baba, alikuwa akipepeta mtama, jicho limevimba. Ilikuwa siku ya tatu tangu amkimbie mumewe, Masanja. Mara mlango wa matete ukaanguka ndani, Masanja juu yake, fimbo mkononi.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia. Mjinga mimi!

"Mama Minza, nipe mke wangu!"

"Shemeji, mwitikie mtoto kwanza."

Fimbo ikatua mdomoni kwa Shangazi. Jino likaangukia kwenye ungo, jekundu juu ya mtama. Akamkamata shingo, akamburuta, visigino vikichora mistari miwili sakafuni. Shangazi hakulia, alikoroma. Mama akanyakua bakuli lote la haradali, akammwagia Masanja machoni.

Masanja alinguruma kama fahali anayehasiwa. Akajikwaruza uso, akajibamiza kwenye nguzo hadi paji likapasuka, damu na haradali vikachuruzika pamoja. Mama akasimama juu yake na mchi mpaka majirani wakafika.

Kesho yake tukawa mbele ya mwanangwa, mkubwa wa kijiji.

"Shemeji kanipofusha!" Masanja akasema. "Nirudishiwe mke wangu leo hii!"

"Ni huyu mtoto," Mama akajibu, kanishika sikio. "Alijikwaa na bakuli. Huyu hujikwaa hata pasipo na kitu."

Watu wakacheka. Nilifungua kinywa kukana. Kucha ya Mama ikazama sikioni.

"Minza, ulijikwaa?" mwanangwa akauliza.

"Nilijikwaa, babu." Nililia kwa hasira, wao wakadhani ni majuto.

"Mtoto hashitakiwi," akasema. Kisha akamgeukia Masanja: "Na jino la Kabula, nalo lilijikwaa?"

Shangazi akabaki kwetu, akazeekea kwetu. Mimi nikabaki na jina la Mjikwaa, na Mama nilimnunia mpaka mavuno.

Nilikuwa nimekwisha kuwa mke wa mtu nilipoelewa. Mama angekiri kwamba mkono ulikuwa wake, ingehesabiwa kuwa yeye na Shangazi, wanawake wawili, wamekula njama kumpiga mume, na Shangazi angeondoka na Masanja jioni ileile. Katika nyumba yetu nzima, ni mimi peke yangu niliyeweza kubeba kosa lile bila mtu kuburutwa tena.