Theseus, binti yangu na koti langu jeusi

Leo profesa alimuuliza binti yangu kama anataka nife.

Alikuwa anatetea kazi yake ya mwisho chuoni, hapa Lubumbashi, juu ya Theseus, shujaa wa Kigiriki aliyesahau kupandisha tanga jeupe kuonyesha amerudi mzima. Baba yake akaona jeusi, akajirusha baharini.

Nadharia ya kisaikolojia inasema hakusahau: kila mwana anatamani kiti cha baba.

"Na weye, mama?" profesa akamuuliza binti yangu. "Papa yako iko pale nyuma."

Ukumbi ukanigeukia.

"Katika nadharia ya ibada, hadithi ile ni sherehe tu, hakuna chuki, professeur," akajibu. " Mufalme muzee anatoka, mupya anaingia. Tena kiti ya papa iko na muguu mubovu."

Wakacheka. Walimu wakampa grande distinction, daraja la juu.

Nje wenzake walimmwagia poda nyeupe ya pongezi, kama desturi yetu. Akaja, akapangusa mikono kwenye koti langu jeusi.

"Tanga nyeupe hii, papa. Sikusahau."

Mnaotaka kunishauri nilifue, andikeni hapo chini. Silifui.