Kwale Huhesabu Mara Mbili

Mzazi akisimama mbele ya gunia langu na kuuliza, "Una hadithi ya wanyama ya mtoto wa miaka saba?" mimi humuuliza kwanza: mtoto wako hulala mapema au huchelewa? Wengi hudhani nawazungusha ili bei ipande. Sivyo. Bei nayo hupanda, lakini hiyo ni habari nyingine.

Nauza vitabu vya mitumba mtaa wa Tena, hapa Nairobi, kando ya barabara, kati ya mama wa viazi karai na kijana anayetengeneza simu. Mzigo nautoa Eastleigh kwa furushi, bila kuchagua, kwa hiyo hupata vya mapishi ya nchi zenye theluji na vya kompyuta zilizokwisha kufa. Vya wanyama ndivyo hutoka haraka. Jioni navihesabu nikianzia kushoto, kisha navihesabu tena nikianzia kulia. Hesabu mbili zisipolingana, chakula hakishuki.

Vyote vya wanyama nimevisoma, maana siuzi kitu nisichokionja. Sipendekezi kitabu ambacho mnyama amevaa viatu. Sungura anayefundisha watoto kupiga mswaki si sungura, ni mwalimu wa zamu aliyebandikwa masikio. Sipendekezi pia cha sungura anayeshinda kila ukurasa. Huyo watoto wa huku wanamjua: akihamia Tena leo, kesho atakuwa anauza ploti ambayo haipo. Napendekeza kile ambacho fisi ana sababu ya kuwa na njaa. Napendekeza kile ambacho mtoto akifika katikati ananyamaza, anapapasa kurasa zilizobaki aone kama zitatosha. Mtoto akifanya hivyo, ujue kuna mtu humo ndani anamwogopea.

Likizo moja ya shule, si zamani, mama mmoja aliinua kitabu akakigeuzageuza kama anayechagua parachichi.

"Hiki kina wanyama wangapi?"

"Watano, na kobe."

"Kwani kobe si mnyama?"

"Kobe namhesabu kando. Huchelewa kufika."

Alicheka. Mteja akicheka, mimi sipunguzi tena. "Chukua soo, mathee," akasema, akininyooshea noti ya mia.

"Kwa soo nitakupa kisicho na jalada."

"Hata hili jalada limeshikwa na selotepu!"

"Selotepu ni yangu. Hiyo nimekupa bure."

Alilipa, akakipachika kitabu kwapani, kisha akaniuliza swali ambalo halikuwa la bei. "Na wako nyumbani, unamsomea kipi?"

Nikamtajia chochote kilichokuwa karibu. Ukweli ni kwamba wangu, msichana wa miaka minane, alikuwa amekataa vitabu vyote vya gunia. Alitaka hadithi moja ambayo haijaandikwa popote, na mwisho wake ulikuwa kichwani mwa mtu mmoja tu, na kichwa hicho kilikuwa kinavuja.

Mtu huyo ni mama yangu. Tulimleta Nairobi kutoka kwetu magharibi baada ya kupotea njiani akienda soko lile lile alilouzia omena maisha yake yote. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba dawa zipo za kuuchelewesha, si za kurudisha kilichokwenda. Binti yangu humwita kukhu, kama wajukuu wa kwetu wanavyowaita nyanya zao. Asubuhi kukhu yuko. Anachagua mchele, anaulizia bei ya sukari, anakasirika inavyostahili. Jua likianza kushuka, naye huanza kuondoka. Saa ya chakula cha jioni huwa amebaki mwili na shuka lake.

Hadithi yenyewe ni ya kwale, yule ndege wa vichakani. Kwale alikuwa na vifaranga saba, na kila jioni aliwaita chini ya mbawa zake, akawahesabu kwa kuhisi vichwa vyao kifuani: mmoja, wawili, mpaka saba. Nguchiro, yule mnyama mdogo mwenye mkia mrefu na meno ya sindano, akawa anamtazama kutoka kichakani. Siku moja akamla kifaranga mmoja, na badala ya kukimbia, akajipenyeza chini ya bawa, mahali pa yule aliyemla. Kwale akahesabu. Saba. Hesabu imetimia. Lakini kwale alikuwa mama mwenye wasiwasi, akasema nitahesabu mara ya pili, na sasa kwa sauti. Nikikugusa, lia.

Hapo, tulipokuwa wadogo, mama yangu alikuwa akinyoosha mkono gizani, mimi na kaka yangu tukiwa tumelala kitanda kimoja, na kutugusa kichwani. Ukiguswa, unalia "pii!" Kisha mkono unasimama hewani, na sote tunajua kwamba kidole kinachofuata kitamgusa nguchiro.

Na hapo, kila mara, mimi nilikuwa nalala. Ndiyo maana nawauliza wazazi kama mtoto hulala mapema. Nilimpigia simu kaka yangu, anayefanya kibarua karibu na Mukuru kwa Njenga, nikamuuliza kwale alimfanya nini nguchiro. "Si wewe ndiye ulikuwa unabaki macho?" akaniuliza.

Basi nikabaki na mama. Jioni, wakati wa hadithi, alikuwa akianza na kwale halafu kwale anageuka kondoo, kondoo anapanda basi, basi linaharibika. Asubuhi, akili ikiwa imetulia kama maji ya mtungi, alikataa kabisa. Kwetu hadithi za wanyama hazisimuliwi mchana. Mtoto akisimuliwa hadithi mchana, mama yake huota pembe.

"Ziote," nilimwambia asubuhi moja. Alikuwa amekaa kwenye kochi na sinia ya mchele mapajani, binti yangu ubavuni mwake. "Mama yake ni mimi. Nitaning'inizia nguo za kukauka, kamba ya nje imejaa."

"Unacheka. Kuna mtu kwetu aliota."

"Ulimwona?"

"Alivaa kitambaa daima. Kwa nini mtu avae kitambaa daima?"

"Mama, tuelewane. Nisimulie nusu. Nusu ya hadithi ni nusu ya pembe."

"Nusu ya pembe ndiyo mbaya zaidi. Haikati, haifichiki." Akatupa jiwe la mchele sakafuni. Biashara nilifundishwa na mwanamke huyu. Alijua ninapoelekea kabla sijafika.

Nikajaribu njia nyingine. "Usiku ni nini? Si giza?"

"Ni giza."

"Basi angalia." Tunaishi chini kabisa, na jengo la pili limejengwa karibu nasi kiasi kwamba jirani akikaanga vitunguu, machozi yanatutoka sisi. Jua halijawahi kuingia kwetu hata kwa bahati mbaya. Taa huwaka tangu asubuhi. "Nikizima hii taa, utajuaje kama ni mchana?"

Mama akatazama taa, akatazama dirisha, ambalo lilionyesha ukuta. Nilimwona akipiga hesabu zake. "Na mlango?"

"Nitaufunga."

"Na simu yako hiyo?"

Kwa simu hiyo nilikuwa nimeshajaribu kumrekodi. Kila nikiishika mbele yake alikuwa akiiambia, "Haloo? Haloo? Ongea, sikusikii." Nikaiweka chini ya mto.

"Kukhu, tafadhali," akasema binti yangu. "Mimi silali. Nimelala usiku wote."

"Zima," akasema mama.

Nikazima. Giza lilikuwa zuri, giza la kijijini kabisa. Na sauti ya mama ikatoka ikiwa nzima, ile ya zamani, iliyokuwa ikishuka tunapomkaribia nguchiro. Vifaranga saba. Bawa. Kifaranga aliyeliwa, ambaye nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa ndiye wa mwisho kuanguliwa na mwenye doa jeupe. Hesabu ya kwanza ikatimia. Akaanza ya pili. Nikasikia kidole chake kikigusa nywele za mtoto.

"Pii!" akalia binti yangu.

Mkono ukasimama hewani. Sikuuona, lakini niliujua. Nilikuwa macho kuliko nilivyowahi kuwa maishani.

Ndipo mtu wa kipaza sauti akapita nje. "Dawa ya panya! Dawa ya mende! Kunguni, viroboto, papasi! Panya akila, hamalizi ngazi!"

Kisha mama akasema polepole, "Huyo hauzi usiku."

"Mama..."

"Ni mchana. Mmenifungia gizani, na ni mchana." Akasimama, sinia ikaanguka, mchele ukatawanyika sakafu nzima. Nilipowasha taa alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili, akitafuta mlango mahali ambapo hapana mlango. Binti yangu alimshika shuka. Ilituchukua muda mrefu kumkalisha, na muda mrefu zaidi kuuokota ule mchele. Biashara niliyodhani nimeishinda, niliitazama pale chini, punje kwa punje.

Sikufungua gunia siku hiyo.

Jioni ilipofika alikuwa mbali kuliko siku zote. Nilipika ugali na sukuma, nikamnawisha, nikamwekea sahani. Hakuigusa. Alikuwa akitutazama kwa zamu, na kidole chake kikisogea.

"Mmoja," akasema, akimwelekezea mjukuu wake. Akanigeukia. Kidole kikasita. "Na huyu nani?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe umeingia lini?"

"Hapa ni kwangu, mama. Kula, chakula kinapoa."

"Mimi nina binti. Yuko wapi binti yangu?" Aliivuta sahani mbali na mkono wangu. "Umekaa mahali pake. Umevaa nguo yake. Umemfanya nini?"

Nimetukanwa na makanga wa matatu, na askari wa kanjo, wale wa jiji, wamenitupia mzigo wangu ndani ya lori nikiutazama. Nilijua la kuwajibu wote. Hili sikuwa na bei yake. Niliinuka nikaenda kusimama karibu na jiko, nikajifanya natafuta chumvi.

Nyuma yangu binti yangu akasema, kwa sauti anayotumia akitaka kuongezewa: "Kukhu, umehesabu mara moja tu."

Mama akashusha kidole.

"Kwale huhesabu mara mbili. Hesabu kwa sauti." Kisha kwangu, kwa ukali, "Mum, kuja. Kaa hapa."

Nilirudi, nikakaa sakafuni mbele ya kochi, kichwa changu kikiwa sawa na magoti ya mama. Kidole kikamgusa mtoto kwanza.

"Pii."

Kikaja kwangu. Kilikuwa cha baridi katikati ya nywele zangu. Nikafungua mdomo na hakuna kilichotoka. Mtu anayepiga kelele barabarani kutwa nzima, na hakuna kilichotoka. Nilifikiri, nikinyamaza sasa, basi nguchiro ni mimi. Ndimi yule wa chini ya bawa.

"Mum," binti yangu akanong'ona. "Lia."

"Pii," nikasema. Ilitoka mbovu, kama mlango usiotiwa mafuta.

Mama aliinamisha kichwa upande mmoja. Alisikiliza hata baada ya sauti kuisha.

"Sauti ni yake," akasema. Akanitazama usoni, akanitazama tena. "Uso siujui. Lakini sauti ni yake."

Akavuta sahani karibu, akamega ugali. Tulimwangalia akila tonge la kwanza, la pili. Mkono wake wa kushoto haukutoka kichwani pangu. Binti yangu, ambaye sijui amerithi wapi tabia ya kutoondoka dukani bila alichokuja kununua, akasogea.

"Na nguchiro, kukhu? Kwale alipomgusa?"

"Hakulia."

"Sasa kwale akamfanya nini?"

"Usiku ungali mrefu," akasema mama, akitafuna. Ile sauti nzima ya asubuhi ilikuwa imeanza kurudi. "Ukimfukuza nguchiro gizani, vifaranga watatawanyika, na gizani kuna wengine. Kwale hakusema kitu. Alimbana. Alimbana kwa bawa, kwa nguvu zake zote, na hakulala, mpaka kukapambazuka."

"Na kulipopambazuka?"

Mama akamtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipumbavu.

"Kulipopambazuka ni mchana," akasema. "Hadithi haisimuliwi mchana."

Binti yangu alinitazama mimi, kana kwamba bado tuna nafasi ya kuongeza dau. Sikuwa nayo.

Mama alimaliza ugali. Mkono wa kushoto ulikuwa bado juu yangu, na ulikuwa umezidi kuwa mzito. Alikuwa ameukandamiza, akinishikilia chini pale sakafuni kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Shingo ilianza kuniuma. Sikujua ananibana kama kifaranga au kama yule mwingine, na sikuuliza. Nilikaa.