Yuditha Mbele ya Baraza la Usuluhishi

Yuditha alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la miwa, kusini mwa Moshi, ambako baba yake alifika kutoka Singida kukata miwa na hakurudi tena kwao. Kambini kila nyumba ilikuwa na kabila lake, kwa hiyo watoto walikua na Kiswahili tu. Alipohamia mjini akiwa msichana mkubwa, watu walimtambua kwa hilo: hakujua Kichagga hata cha kusalimia. Masista walikuwa wamemfundisha cherehani, naye akapata kazi katika kiwanda kidogo cha sare za shule na mashati, mali ya Bwana Ramnik. Akapanga chumba Rau, nyumbani kwa Mama Anyesi, mjane wa Uru aliyekuwa akiuza ndizi sokoni.

Kiwandani alishona kola. Alikuwa mtu wa maneno machache, asiyependa ugomvi, na waliofanya kazi naye wanasema hawakuwahi kumsikia akibishana na mtu hata kwa ajili ya mkasi.

Mwaka 1976 alipata mimba. Mwanaume alikuwa fundi wa reli. Walikuwa wamekubaliana kuoana, kisha akahamishiwa Tabora, na huko akanyamaza. Yuditha alilia kwa muda, halafu akaacha, akaanza kushona nguo ndogo ndogo kwa vipande vya kitambaa alivyoomba kazini.

Kiwanda kile kilikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeitangaza. Mwanamke akionekana ana mimba, Bwana Filemon, msimamizi, alimwita pembeni na kumwambia kwa upole akapumzike. Akishaondoka, kiti chake alipewa mwingine, na hapakuwa na kurudi. Ndiyo maana wanawake walikuwa wakijikaza tumbo kwa khanga chini ya gauni. Yuditha naye alijikaza hivyo, mpaka asubuhi moja alipopata kizunguzungu akiwa mashineni. Alikwenda chooni, akaifungua ile khanga, akaikunja, akarudi kukaa na tumbo lake likionekana.

Filemon alimfuata saa ya chai.

"Dada Yuditha, hali yako naiona. Kukaa hapa kutwa si vizuri kwa mtoto. Nenda ukapumzike."

"Nitapumzika likizo ya uzazi ikifika, kaka Filemon."

"Likizo hiyo ni ya wenye waume."

"Ilikuwa zamani. Sheria imebadilishwa. Tulielezwa kwenye mkutano wa chama cha wafanyakazi."

Filemon hakuwa mtu wa makelele. Alikuna kidevu, akasema, "Mikutano ina maneno mengi," akaondoka.

Jumamosi hiyo Yuditha aliitwa ofisini. Bwana Ramnik, aliyezaliwa Moshi na kuwajua wafanyakazi wake wote kwa majina, alimwambia kwamba kazi yake imeshuka, kola zake zinakwenda upande, na kwamba kuanzia Jumatatu asije. Wakati wote alikuwa akitazama dirishani. Juu ya mimba hakusema neno.

Jioni Mama Anyesi alimkuta amekaa kwenye kigoda uani, hajawasha hata jiko.

"Wamekufukuza," alisema Mama Anyesi.

"Wamenifukuza. Angesema ni mimba, ningeumia lakini ningeelewa. Amesema sijui kushona, mama. Huko nitakakokwenda kuomba kazi, ndilo neno litakalonitangulia."

Mama Anyesi aliketi, akaanza kumenya ndizi. Hakuwa na haraka ya kumpa moyo. "Mji huu ni mdogo," alisema baadaye. "Ukishitakiana na tajiri, wenzake wote watakujua. Ungejifungua kwanza. Chumbani kwako sitakutoa."

"Nikijifungua kwanza, nitakuwa nimekubali."

Mama Anyesi aliendelea kumenya ndizi. Lakini Jumatatu asubuhi hakwenda sokoni. Alivaa gauni lake la kanisani na kumwambia Yuditha, "Twende huko kwenye chama chenu. Peke yako watakuzungusha."

Katibu wa chama cha wafanyakazi aliitwa Leodegar, mtu wa makamo mwenye kikohozi, aliyewasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza.

"Ndugu Yuditha," alisema, "nimewapokea wanawake wengine kutoka kiwanda kile. Wanaeleza, wanalia, halafu siwaoni tena. Shauri hili litakwenda Baraza la Usuluhishi. Utakaa mbele ya tajiri wako na kusema haya haya, na yeye atasema yake. Ukiniacha njiani, nitaonekana mzushi. Utarudi?"

"Nitarudi."

Alirudi kila alipoitwa, akitembea kwa miguu kutoka Rau, na kila mara tumbo lilikuwa kubwa zaidi. Siku ya kwanza ya shauri, Filemon alieleza habari za kola mbovu kwa utaratibu mzuri, kama mtu aliyejifunza somo. Mwenyekiti wa baraza akauliza ni nani aliyekuwa akikagua kazi iliyokwisha. Bwana Ramnik akajibu kwamba ni shemeji yake, Savita, mke wa mdogo wake. Basi shauri likaahirishwa ili naye aje.

Yuditha alitoka akiwa amekata tamaa. Savita alikuwa mwanamke mkimya, mwenye miwani, aliyekaa kwenye meza ya mwisho na kupitisha kila shati mikononi mwake. Katika miaka yote ya kufanya kazi pamoja walikuwa wameongea mambo ya uzi na vifungo tu. Tena alikuwa akiishi nyumba moja na Bwana Ramnik, akila chungu kimoja naye. Siku moja kabla ya shauri walikutana sokoni. Savita alimtazama Yuditha usoni, kisha tumboni, akafungua mdomo kama anayetaka kusema, halafu akashika njia yake na kikapu chake.

"Huyo ameshafundishwa la kusema," Yuditha alimwambia Mama Anyesi.

"Hata kama," alisema Mama Anyesi. "Umeahidi kurudi."

Chumba cha baraza kilikuwa kidogo na chenye joto. Savita alikaa karibu na shemeji yake, mikono juu ya mapaja. Mwenyekiti alimuuliza kama aliikagua kazi ya Yuditha.

"Kila siku," alisema Savita.

"Ilikuwaje?"

Savita alivua miwani, akaishika mkononi. "Ilikuwa nzuri. Kola zake sikuwa narudisha."

"Hata miezi ya mwisho?"

"Hata siku ya mwisho."

"Sasa kwa maoni yako, kwa nini aliachishwa kazi?"

"Alikuwa na mimba," alisema Savita, kwa sauti ile ile aliyotumia kuomba uzi mweupe. "Wote wenye mimba waliondoka hivyo."

Filemon aliinamisha kichwa. Bwana Ramnik alisema jambo moja kwa Kigujarati, polepole, naye Savita akamjibu kwa lugha hiyo hiyo, kwa kifupi, akavaa miwani yake. Walilosemezana Yuditha hakulijua wala hakuuliza. 

Uamuzi ulipotoka alikuwa ameshajifungua mtoto wa kike, Juliana, na yuko ndani kama mzazi, akihudumiwa na Mama Anyesi. Leodegar alikuja mwenyewe Rau kumpa habari. Mama Anyesi, aliyekuwa jikoni akiponda ndizi za mtori, supu ya mzazi, hakumruhusu mwanaume kuingia chumbani kwa mzazi, kwa hiyo katibu alisimama nje ya mlango na kusema kwa sauti, huku akikohoa, kwamba Ndugu Yuditha amerudishwa kazini na likizo yake ya uzazi italipwa kama ya mtu mwingine yeyote. 

"Amesikia?" aliuliza Leodegar.

"Amesikia," alisema Mama Anyesi. "Mwache alie kidogo. Wewe kaa, unywe mtori."

Likizo ilipokwisha alirudi kwenye kiti chake. Haikuwa rahisi. Filemon alikaa muda mrefu bila kumsalimu, na baadhi ya wanawake walimkwepa wakiogopa kuonekana wako upande wake. Bwana Ramnik alimwita mara moja tu. "Yuditha, mimi nina oda za shule. Mtu akikosekana, nani atashona?" Alisema kama anayeuliza kweli. "Najua, tajiri," alijibu Yuditha. "Lakini watoto wa shule hizo nao walizaliwa na watu." Bwana Ramnik alitikisa kichwa, akamwambia arudi kazini. Kabla ya mwaka kwisha, Ester wa kwenye vifungo alipopata mimba, Filemon alimuuliza tu anataka kuanza likizo lini.

Aliyekosekana alikuwa Savita. Kwenye meza ya ukaguzi palikaa mtu mwingine. Watu walisema amekatazwa kutoka, wengine kwamba amechoka mwenyewe. Yuditha alivumilia wiki kadhaa, kisha Jumapili moja akambeba Juliana mgongoni, akapanda ngazi za nyumba ya ghorofa ya kina Savita mjini na kubisha hodi.

Savita alifungua mwenyewe. Alimkaribisha, akaleta chai ya maziwa yenye tangawizi, wakanywa.

"Dada Savita, wamekufanya nini?"

"Hawakunifanya kitu. Shemeji hakusema nami kwa muda. Sasa anasema." Alikunja kona ya kitambaa cha meza. "Kazini sikurudi. Labda baadaye."

"Kwa nini ulisema vile? Mimi nilijua utanikana."

Savita alifikiri. "Waliniuliza juu ya kazi yako," alisema. "Nimeishika mikononi miaka mingi. Ningesema ni mbaya, ningekuwa nasema kwamba na mimi nilikaa pale bila kuona kitu."

Mtoto akaanza kulia. Yuditha alimshusha mgongoni, na Savita akanyoosha mikono kumpokea, akamlaza begani, akaanza kutembea naye chumbani taratibu, akimwimbia kwa Kigujarati.