Majibu Aliyoyafuta Dada

Dada yangu ni mpiga chapa wa nyumba ya ibada, na kwa miaka kumi na saba hakuna aliyemkuta na kosa la herufi. Kila wiki hurekodi mahubiri, huyachapa siku ileile kabla hajala, kisha hufuta sauti, kwa sababu kinasa sauti cha ofisi ni kikuukuu na nafasi yake ni ndogo. Akichapa huondoa uchafu, ndivyo anavyouita: vikohozi, maneno yaliyorudiwa, na majibu ya waumini. Pale kwetu mhubiri akiuliza, watu hujibu kwa sauti moja. Dada huona majibu hayo yanamaliza karatasi bure. "Kijitabu ni cha msomaji," husema, "si cha makelele." Mbishi huyo, kwenye kazi yake humwambii kitu.

Mimi niliolewa ng'ambo ya reli, kwa fundi cherehani. Dada hakupendezwa, ingawa magauni yake yote alishonewa na huyo huyo shemeji yake, na hakukosa la kulalamikia.

Siku ile ya ibada mgombea ubunge alikaribishwa kusalimia. Simu huachwa kwa bawabu, kwa hiyo kilichomnasa ni kinasa sauti cha dada peke yake. Mimi sikuwepo, nilikuwa kwangu nashona vifungo. Mgombea alimaliza saa sita. Saa nane walikuwa mlangoni petu.

Walikuwa kama arobaini, bado wamevaa nguo za ibada, na baadhi yao nimecheza nao utotoni. Mmoja aliniambia kwa heshima kabisa, "Dada, wewe toka." Sikutoka. Wakamvuta mume wangu miguu kutoka nyuma ya cherehani, kidevu kikagonga kanyagio. Nikamshika mkono. Mtu akaniponda vidole kwa nyundo, kimoja baada ya kingine, mpaka nikaachia, na huko kuachia sijajisamehe mpaka leo. Walimpiga nondo za mgongo, kisha wakampiga pasi yake mwenyewe kichwani. Alikuwa anasema, "Subirini, subirini," neno alilozoea kuwaambia wateja wenye haraka. Wakamwaga petroli juu ya vitambaa na juu yake, wakawasha. "Mchwa huchomwa," walikuwa wanasema, tena bila hasira, kama watu waliolishika somo vizuri. Alipiga kelele kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani mtu anaweza.

Saa hiyo dada alikuwa anachapa. Aliona moshi dirishani, akadhani ni takataka. Akamaliza ukurasa, akafuta sauti, akaenda kula.

Mwaka mmoja na nusu ulipita kabla mgombea, ambaye sasa alikuwa mheshimiwa, hajasimamishwa mahakamani kwa uchochezi. Vijana wanne walikuwa wameshafungwa. Mimi nilimtaka yeye, na nilijua nikimkosa siku ile nimemkosa moja kwa moja. Wakili wake akasimama na kijitabu cha dada, akasoma kwa sauti ya kubembeleza:

"Ninyi ni watu wa nyumba safi. Lakini usiku mnasikia kitu kinatafuna. Je, nyumba ikiingia mchwa, mwenye nyumba huwafanyaje? Na mchwa wetu sisi wanatoka wapi? Tuombe."

Akakifunga. "Mheshimiwa jaji, mteja wangu amezungumzia mchwa. Labda ashtakiwe na seremala."

Watu wakacheka. Nilitamani kumrukia nimnyonge kwa vidole vyangu hivi vilivyopinda.

Dada akaitwa, akaapa. Mwendesha mashtaka alimwomba aieleze hotuba ile. Akavaa miwani, akaanza kana kwamba anasahihisha kazi ya mzembe.

"Kwanza anatusifu. Mtu akishasifiwa huona haya kubisha. Halafu anatutia hofu, lakini hataji kitu, ili kila mtu aweke anachokiogopa mwenyewe. Halafu anauliza. Anajua sisi hatuachi swali la mimbarini bila jibu, tumelelewa hivyo. Kwa hiyo yeye hakusema watu wachomwe. Alitufanya tuseme sisi. Na neno likishatoka kinywani mwako, utalitetea kuliko la kuambiwa."

"Hayo majibu yako wapi, mama?" wakili akauliza.

"Niliyafuta."

"Na sauti?"

"Niliifuta pia."

"Basi hujui walijibu nini. Unakisia tu."

Dada akavua miwani.

"Sikisii," akasema. "Alipouliza mwenye nyumba huwafanyaje, watu walisita. Palikuwa kimya. Nikaona mgeni ataaibika, nikamsaidia. Mimi ndiye niliyejibu wa kwanza. Nilisema, huwachoma moto. Ndipo wote wakafuata. Alipouliza wanatoka wapi, nikatangulia tena. Nilisema, ng'ambo ya reli."

Maneno hayo ndiyo yaliyomfunga mheshimiwa miaka kumi na mmoja. Nilichokitaka nilikipata. Watu wa ng'ambo ya reli walinikumbatia, nami sikuwa namwona mtu.

Dada alinisubiri kwenye ngazi. Nilimpiga kofi, miwani ikaruka. Hakuinua mkono. Nikampiga la pili, nikampiga la tatu, mdomo ukapasuka, na askari wawili walikuwa pale wakitazama pembeni. Nilipochoka nikamwuliza jambo moja tu: aliposema ng'ambo ya reli, alijua kwamba mimi ndiko ninakoishi?

Akafuta damu kwa kiganja.

"Kwa wakati ule, mdogo wangu," akasema, "sikukukumbuka."