Jina la Mchawi wa Ukutani

Mwanatumu Chande hajui Kihindi, hajui Kichina, na Kiingereza chake ni kile alichookota chumbani mwa dobi katika hoteli moja ya Diani, kabla hoteli haijafungwa. Hata hivyo, kwa miaka tisa sasa, Jumamosi na Jumapili baada ya alasiri, ndiye anayewatafsiria watu wa Msambweni filamu za dunia nzima. Ukimwuliza anawezaje, atakwambia kwamba uso hauna lugha. Kisha atacheka, maana anajua nusu ya hayo ni uongo.

Sinema yenyewe ilikuwa ghala la korosho. Jaafar, mwenye nalo, alipaka ukuta wa nyuma chokaa, akapanga mabenchi, akaziba madirisha kwa magunia, akafunga projekta kwenye boriti. Kabla ya filamu hutangulia kionyesho cha jukwaani: wacheza ngoma ya sengenya kutoka Waa, au mchekeshaji, au bibi mmoja wa Vanga anayeimba nyimbo za harusi na kuwatukana mawifi. Halafu taa huzimwa. Mwanatumu huketi kwenye kona yake nyuma ya leso mbili zilizotungikwa kambani, akashika maikrofoni, akaanza. Sheria ya pale ni kwamba mtafsiri haonekani. Watu wote wanajua ni yeye, aliyewauzia mahamri asubuhi, lakini leso zikishashushwa huitwa Sauti.

Majina ya kigeni hayashikiki, kwa hivyo yeye huwapa watu wa ukutani majina ya watu wa mtaani. Leo shujaa ni Alamin wa bodaboda, kesho ni Jefwa fundi baiskeli, na aliyeitwa shujaa hutembea kifua mbele wiki nzima. Mwovu naye hupewa jina, lakini kwa sharti. Lazima awe mtu aliyeketi mle mle ndani, ili aweze kusimama na kujibu, "Sauti, umenionea!" na ukumbi ucheke. Sharti hilo hakulitunga mtu wala halikuandikwa popote. Mwanatumu mwenyewe ndiye aliyelilinda miaka yote tisa, na mwenyewe ndiye aliyelivunja.

Alilivunja kwa ajili ya Mzee Chome.

Chome ni Mduruma, alitoka Kinango ujanani kuja kukausha nazi za mbata, na tanuri lake liko nyuma ya ghala la Jaafar. Ni mkali, mchoyo wa salamu, na mbuzi wake anawapenda kuliko watu. Ijumaa moja Jaafar alikuwa akijaribu spika mpya kwa sauti ya Mwanatumu, mbuzi wakakata kamba wakatimua mbio. Chome akaja na fimbo yake, akamkuta Mwanatumu mlangoni na wanawake wenziwe.

"Mwanamke mzima," akamwambia, "unabweka kwenye chombo kama mbwa. Huna haya?"

Wanawake waliziba midomo kwa mitandio wasionekane wakicheka. Mwanatumu alikwenda zake akiwa na uchungu ambao hata usingizi haukuuondoa.

Kesho yake Jaafar akaweka filamu ya milima ya mbali, ya mzee mwenye mvi na fimbo na macho mekundu, ambaye alizikusanya pumzi za watoto na kuzihifadhi ndani ya mtungi. Mzee alipojitokeza ukutani, ulimi wa Mwanatumu ulimtangulia. "Huyu hapa Chome!" akasema. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Na kicheko, jamani, kikishamwingia mtu kichwani hakina tofauti na tembo la mnazi. Akaongeza: "Chome! Mtungi wako tumeuona!" Tangu hapo, kila mzee yule alipoonekana, mabenchi yote yaliitikia maneno hayo kwa pamoja. Chome hakuwemo kujibu. Hajawahi kuingia sinema maishani mwake.

Zilipita wiki tatu. Watoto walipompita Chome njiani walisema "mtungi" kwa sauti ya chini, wakakimbia. Mwanatumu alisikia, akajitia hasikii. Kisha mtoto wa nyumba ya tatu kutoka tanurini akapatwa na degedege. Alipelekwa hospitali akapona, lakini mtoto alirudi nyumbani na maneno yakabaki njiani.

Alhamisi asubuhi Mwanatumu alikuwa akiepua mahamri alipomwona Dama, binti wa Chome, amesimama uani, uso umemparama.

"Shikamoo, Bi Mwanatumu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kuna nini?"

Dama hakukaribia. Alifungua kiganja akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Tuliikuta chini ya mlango baada ya swala ya alfajiri, watu walipokuwa wakipita kutoka msikitini. Baba hajui kusoma. Nimemwambia ni tangazo la chanjo."

Mwanatumu aliisoma. Ilikuwa na mistari miwili kwa kalamu nyekundu. *Chome, mtungi wako tumeuona. Jumapili isikukute hapa.*

Alikaa juu ya kinu. Mafuta yalikuwa yakiungua nyuma yake na hakuyasikia harufu. Maneno yale yalikuwa yake. Yeye ndiye aliyeyatia watu vinywani.

"Naibu wa chifu alikuja," Dama alisema. "Alizungumza maneno mazuri, akaenda zake. Bi Mwanatumu, wallahi mimi sikuja kukulaumu. Nimekuja kwa kuwa wewe wanakusikiliza."

Alipokuwa msichana, nyumbani kwao Mkongani, Mwanatumu aliwahi kuamshwa na mama yake asubuhi na kukatazwa kupita njia ya kisimani. Alipita. Nyumba ya Bibi Mbodze, ajuza aliyekuwa akiwapa watoto mihogo ya kuchoma, ilikuwa majivu matupu, na katikati ya majivu sufuria lake limekunjana kwa moto. Kosa la Bibi Mbodze lilikuwa mvi, zilizoitwa uchawi. Hakuna aliyeulizwa, na kijiji kizima kiliendelea kulima. Alhamisi hiyo yote Mwanatumu aliliona sufuria lile kila alipofumba macho.

Alikwenda kwa Jaafar, akamwomba filamu ile isionyeshwe tena.

"Wameshaiomba ya Jumamosi," Jaafar alisema. "Nikiwanyima watasema kuna kinachofichwa. Wewe tafsiri tu, dada. Ni mchezo."

"Jaafar, si mchezo tena."

"Basi waambie."

Rahisi kusema! Usiku wa Ijumaa alijipangia ugonjwa. Angesema koo limevimba, angejilaza, na binti yake Hafsa angekwenda kumwombea radhi. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na Mwanatumu hakuwa na haja yoyote ya kulia. Alikuwa mwoga, na alijijua. Alikwenda tu kwa sababu aliogopa zaidi yale atakayoyasikia Jumapili akiwa kitandani.

Jumamosi ghala lilijaa hadi mlangoni. Wacheza sengenya walicheza, lakini vijana waliwapigia miluzi watoke upesi. Benchi la mbele alikaa Kahindi, mpasua mbao, kijana wa sauti kubwa ambaye Mwanatumu alimpa ushujaa mara nyingi kuliko mtu yeyote. Mwanatumu alipotungika leso zake aliiona kalamu nyekundu mfukoni mwa shati la Kahindi, ile ya kupimia mbao.

Filamu ikaanza. Mzee wa macho mekundu akatokeza, na ukumbi mzima ukanguruma: "Chome! Mtungi wako tumeuona!" Hapakuwa na kicheko safari hii. Wiki tatu zilizopita walicheka.

Sauti ikanyamaza. Halafu Mwanatumu akafanya jambo lisilofanyika. Alifunua leso, akatoka, akasimama mbele ya ukuta, mwanga wa projekta ukimpiga machoni na uso wa mchawi ukimchezacheza kifuani.

"Huyu si Chome," alisema, na sauti yake isiyo na maikrofoni ilikuwa ndogo. "Jina nililitia mimi. Alinitukana nikakasirika, basi. Macho yake mekundu ni moshi wa tanuri la mbata wa miaka thelathini. Mtungi ni wangu. Niliutunga mimi."

Kisha mtu wa nyuma akasema, "Chome amemfunga ulimi." Mwingine: "Tazameni anavyotetemeka. Ametumwa." Kahindi akainuka nusu. "Bi Mwanatumu, rudi kitini. Twajua umeogopeshwa."

Ndipo alipofahamu kwamba ukweli wake hauna nguvu pale. Watu hawa hawakuja kumsikiliza Mwanatumu, walikuja kumsikiliza Sauti. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Alirudi nyuma ya leso, akashika maikrofoni, na hadithi ikaendelea.

"Mimi," alisema Sauti, mzee alipofungua kinywa ukutani, "ndimi mchawi. Jina langu Mwanatumu wa Chande. Nakaa nyumba ya bati la buluu, nyuma ya kisima cha msikiti. Asubuhi nawauzia mahamri. Pumzi za watoto wenu nimezitia mtungini, na mtungi uko chini ya kitanda changu, upande wa kibla."

Wawili watatu walicheka. Hakuwangoja. Kila tendo la mzee yule alilichukua likawa lake: alipomnyatia mtoto, alisema namna alivyompa mtoto andazi; alipotia dawa kisimani, alikitaja kisima kwa jina. Vicheko vikakatika kimoja kimoja. Ikafika mahali ambapo wanakijiji wa milimani wanakwenda na mienge. Mwanatumu alikuwa akilia sasa, na kwikwi zilisikika kwenye spika.

"Wanakuja," alisema. "Nawajua wote. Huyu nilimkopesha sukari. Huyu nilimwosha mama yake alipofariki. Binti yangu Hafsa yumo ndani, anapiga kelele: mama, mlango umefungwa kwa nje. Kahindi, wewe ndiwe shujaa, sikuzote nimekupa ushujaa. Umeshika mwenge. Haya, mwanangu. Mimi ndimi. Choma."

Moto uliwaka ukutani bila neno. Mwanamke mmoja alianza kusoma Ayatul Kursi kwa kunong'ona. Kahindi alisimama, akatazama chini, akapita katikati ya magoti ya watu akatoka nje, na kwa mlango ulioachwa wazi mwanga wa jioni ukaufuta moto ukutani.

Jumapili ilifika ikapita na hakuna aliyemgusa Chome.

Lakini neno likishatoka halirudi. Jumatatu asubuhi mahamri ya Mwanatumu yalibaki karibu yote. Mtoto wa jirani aliyezoea kumwamkia kwa mbio alijificha nyuma ya leso ya mama yake, na mama akacheka kidogo, cheko la haya, wala hakumsogeza mtoto. Mwanatumu alijitazama kwenye kioo. Mvi zilikuwa zimeanza kumtoka karibu na masikio. Alipaka hina siku hiyo hiyo, akavuta mtandio ukafika kwenye nyusi. Alimpeleka Hafsa kwa shangazi yake Ukunda, akamwambia ni kwa ajili ya masomo.

Alhamisi aliamka akaufungua mlango polepole, akiangalia kizingitini kama anayetafuta nyoka. Hapakuwa na karatasi. Palikuwa na mbuzi watatu wamefungwa kwenye nguzo ya uani, na Mzee Chome ameketi kwenye kigoda chake mwenyewe, fimbo magotini, macho mekundu yakitazama njia.

"Shikamoo, baba," Mwanatumu alisema.

"Marahaba." Hakugeuka. "Dama amenisomea ile karatasi. Ya chanjo."

"Nisamehe, baba. Ni ulimi wangu."

"Ni ulimi wako," Chome alikubali. Alikohoa kwa muda mrefu. "Kule kwangu naogopa kukaa Dama asipokuwapo. Usiku silali. Nawe nasikia umempeleka mtoto Ukunda."

"Naogopa, baba. Naogopa hata kuchota maji."

"Basi," Chome alisema, akasogeza fimbo ili Mwanatumu apate nafasi ya kupita. "Kachote. Mimi niko hapa."

Mwanatumu alichukua ndoo. Alipofika njiani aligeuka nyuma mara mbili, na mara zote mbili mzee alikuwa bado pale, akiwakemea mbuzi wake.