Kiatu Kimoja cha Soli

Nimeshona viatu miaka kumi na tisa, lakini mteja aliyenitoa jasho kuliko wote ana miguu minne.

Ni mbwa wangu, Soli.

Pikipiki ilimgonga mguu wa mbele wa kulia. Daktari wa mifugo akamfunga plasta. Ilipotoka, nikamshonea kiatu laini cha ngozi ili akanyage bila maumivu. Kila akija kwangu anachechemea, roho inaniuma, nammiminia maziwa kwenye bakuli.

Nyumbani tukawa wagonjwa wawili: yeye mguu, mimi mgongo. Nilishinda na mkanda wa kukaza mgongo kiunoni. Mke wangu akabeba ndoo zote za maji, na chai ananiletea kitandani.

Miezi miwili ikapita. Soli bado anachechemea.

"Mfupa umeshaunga," daktari akasema. "Nahofia mishipa ya fahamu imekufa. Mleteni Ijumaa. Ikibidi, tutaukata mguu."

Nililia. Sioni haya kusema.

Ijumaa hiyo binti yetu mdogo ndiye aliyemvalisha Soli kiatu. Mimi na mke wangu tukampeleka. Kufika tu, akachechemea hadi kwa daktari, uso wa huruma kama mfiwa.

Daktari akamtazama. Akanitazama mimi.

"Fundi, si uliovunjika ni mguu wa kulia?"

"Ndiyo."

"Mbona anachechemea wa kushoto?"

Lahaula! Mtoto alikuwa amekosea, kiatu kakivalisha mguu mzima!

Daktari akakivua. Soli akatembea sawasawa. Daktari akakivalisha mguu wa nyuma. Jamaa akachechemea wa nyuma!

Daktari alicheka mpaka akashika meza. "Akichechemea unampa nini?"

"Maziwa."

"Basi huyu haumwi. Amejifunza kwamba akivaa kiatu na kuchechemea, maziwa yanakuja."

"Kafundishwa na nani?"

"Na wewe!"

Kwa furaha nikamnyanyua Soli juu juu, nikazunguka naye chumba kizima huku ananilamba masikio.

Mke wangu hakucheka. Alikuwa anauangalia mkanda wangu.

"Baba watoto," akaniita kwa upole, "huyo mbwa ana kilo ngapi?"

"Thelathini na mbili," daktari akadakia.

Nikamshusha polepole, nikishika kiuno. Nilikuwa nimechelewa.

Funzo nililopata ni hili: mnyama hasikilizi unachomwambia, anaangalia unachompa. Na waume tumo.

Siku hizi Soli anakimbia bila kiatu. Ananisindikiza bombani, mimi na ndoo zangu mbili.